Kopo la Watu Sita

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake, Fundi alipika. Alishusha kopo la bati kutoka juu ya kabati, akalichovya kwenye gunia la mchele, akalijaza mpaka mdomoni. Kisha alisema peke yake, jikoni, "Kopo moja, basi."

Maneno hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya marehemu mkewe. Kwa miaka zaidi ya thelathini mama yule alipima mchele kwa kopo lile lile, na kila alipomaliza kupima alisema hivyo hivyo. Fundi alimsikia kutoka kibandani. Kibanda chake cha kushona viatu kilikuwa ubavuni mwa nyumba, na kati ya kibanda na jiko palikuwa na dirisha dogo. Akisikia "Kopo moja, basi," alijua chakula hakiko mbali. Tumbo lilianza kupiga makofi hata kabla sufuria haijatengwa.

Enzi hizo nyumba ilikuwa imejaa. Watoto walikuwa wanne. Walipanga mabakuli yao sita mkekani na kugombania nani akae karibu na sufuria. Kijiko cha mama kiligonga mkono wa mwenye pupa. Baba alipewa bakuli lake kwanza, akala akiwa na gundi vidoleni, na hakuna aliyemwambia akanawe mara mbili.

Sasa watoto walikuwa wameolewa, wameoa, wametawanyika. Mke alikuwa amefariki mwaka uliopita. Nyumba ilibaki na mtu mmoja, mkeka mmoja na mabakuli sita. Fundi hakujua jambo lolote la jiko isipokuwa lile alilolisikia dirishani. Basi alipika kopo moja, kwa sufuria ile ile kubwa yenye masikio mawili, iliyokuwa nyeusi chini kwa moto wa miaka mingi.

Mchele ulifura. Wali ukafika juu ya sufuria. Pembeni palikuwa na sufuria ya maharage, nayo ya ukubwa wa ukoo. Fundi alikula Jumatatu mchana, akala Jumatatu usiku, akala Jumanne. Jumatano wali ulianza kunata na kutoa harufu ya kitambaa kibichi. Hapo aliutazama, akautazama tena, akaumwaga nyuma ya nyumba. Kisha alipika upya. Kopo moja, basi.

Je, hakuona kwamba chakula ni kingi? Aliona. Mtu ana macho. Lakini kifuniko cha sufuria ile kilipocheza juu ya moto, nyumba ilikuwa na sauti yake ya zamani. Kwa dakika chache Fundi alikuwa mtu mwenye familia inayosubiri kula. Sauti hiyo aliipenda kuliko wali wenyewe.

* * *

Saa sita mchana kengele ya baiskeli ililia njiani. Aliyekuwa akija ni bwana mmoja mwenye mvi kidevuni, mtaa mzima ukimwita Kengele. Aliwapelekea watu chakula kutoka kwa mama mmoja aliyepika nyumba ya tatu kutoka kona. Nyuma ya baiskeli alifunga sanduku, na ndani ya sanduku mabakuli yenye vifuniko yalikaa moja juu ya jingine.

"Fundi!" aliita. "Leo kuna wali, samaki na mboga za majani. Nikuletee bakuli?"

"Mimi si bosi," Fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Chakula cha kuletewa ni cha watu wenye viti vya kuzunguka."

"Mbona mimi nakipeleka kwa mafundi seremala pale chini? Wale wana viti vya kuzunguka?"

"Wale hawana akili. Sahani moja bei gani?"

Kengele akamtajia. Fundi akatikisa kichwa. Yeye hakuhesabu fedha kwa noti. Alihesabu kwa visigino. Kubadilisha kisigino cha kiatu ndiyo kazi iliyomlisha maisha yake yote, na kila kitu duniani alikipima hivyo. Sabuni ilikuwa nusu kisigino. Shati lilikuwa visigino sita.

"Kisigino kimoja na nusu kwa sahani moja!" alisema. "Kwa bei hiyo mimi napika sufuria."

"Haya, mwenye sufuria," alisema Kengele, akaenda zake akipiga kengele.

Fundi alifunga kibanda, akaingia ndani kupika, maana siku hiyo sufuria ilikuwa tupu. Alikaa jikoni kwa karibu saa mbili. Alipofungua tena, mteja mmoja alikuwa ameacha alama za viatu mlangoni na kuondoka. Pale kona palikuwa na fundi mwingine, kijana wa juzi juzi, ambaye hakufunga mchana.

* * *

Kosa lilijitokeza wiki ile ile. Siku ya Alhamisi kazi ilikuwa nyingi. Fundi hakuwa na nafasi ya kupika. Maharage ya juzi yalikuwepo kwenye sufuria, juu ya jiko, yamefunikwa. Nyumba haikuwa na jokofu. Alionja. Yalikuwa machachu kidogo. Akakumbuka mkewe alivyochukia kumwaga chakula, akayapasha moto nusu nusu, akala.

Jioni tumbo lilimkata. Mpaka asubuhi alikuwa ameingia chooni mara nane. Mama Mizani, jirani yake wa ukuta mmoja, alimsikia akilalamika. Alimpeleka zahanati akimshika mkono.

Muuguzi alimpa pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji safi. Alimwambia anywe kidogo kidogo, mara kwa mara. Kisha akamuuliza alikula nini. Fundi akasema ukweli.

"Baba, chakula kilichopikwa kikikaa nje siku mbili si chakula tena," alisema muuguzi. "Na kukipasha moto hakufuti sumu iliyokwisha kuingia. Kwa umri wako huu, safari hii umepona kwa bahati."

Binti yake mkubwa, kifungua mimba wake, alifika siku ya pili. Aliishi mji wa jirani na mumewe na watoto wanne. Alimkuta baba yake amekaa kitandani, mashavu yameingia ndani. Akaenda jikoni. Akafunua sufuria kubwa, akarudi ameziba pua.

"Baba, unaishi vipi?"

"Naishi vizuri. Hili ni tumbo tu."

"Si tumbo tu. Mkanda wako umeuongeza matundu mawili, nimeona. Umekonda. Nyumba inanuka. Mama angekuwepo angelia."

Fundi alivuta shuka mpaka kifuani. Neno hilo lilimpata penye kidonda.

"Nimeshazungumza na mume wangu," binti aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Jumapili ya mwisho wa mwezi nakuja na gari letu la mizigo. Tutachukua kitanda chako na vifaa vyako. Utakaa kwetu. Nyumba hii tutaipangisha."

"Na jiko la mama yako?"

"Baba, jiko ni ukuta."

Fundi aligeuza uso kwenye dirisha. Kwake jiko lile halikuwa ukuta. Palikuwa mahali pekee ambapo mkewe bado alisema neno kila siku. Akiondoka pale, nani angemsikia tena? Lakini hakuweza kumwambia binti yake maneno hayo. Alisema tu, "Nipe mpaka mwisho wa mwezi."

"Nimekupa," binti alisema. "Lakini ukiugua tena kabla ya hapo, naja siku hiyo hiyo."

* * *

Mama Mizani alikuwa ameyasikia yote. Ukuta ulikuwa mwembamba na masikio yake yalikuwa mazima. Kabla ya kustaafu alifanya kazi miaka ishirini na sita kama mtunza stoo wa jiko la hospitali. Alipima mchele, sukari na mafuta ya wagonjwa. Siku ya kustaafu alijinunulia mizani yake mwenyewe, na jina likamganda. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo yeye na Fundi waliitana shemeji na kutaniana bila huruma.

"Shemeji," alisema asubuhi iliyofuata, akiingia bila kubisha, "unataka kwenda kulea wajukuu?"

"Wajukuu nawapenda. Kuhama sitaki."

"Basi tufanye kazi. Kwanza niambie, kwa nini hununui chakula kwa Kengele siku unapobanwa?"

"Ghali. Kupika nyumbani ni rahisi. Hilo hata mtoto analijua."

"Mtoto hajawahi kushika stoo. Umewahi kupima?"

"Kupima nini? Mchele nimeununua, maharage nimeyanunua, napika. Kimekwisha."

Mama Mizani alicheka. Alitoka, akarudi na ndoo yenye kifuniko. Akaiweka kwenye mlango wa jikoni.

"Wiki hii pika kama kawaida yako. Usibadilishe kitu. Ila usimwage chakula nje. Kila utakachotaka kumwaga, weka humu kwanza, nije nikipime kabla hakijatupwa. Na kila ukila chakula cha sufuria yako, weka msumari mmoja wa kiatu kwenye kikombe hiki. Ukila mkate kwa sababu wali umeharibika, usiweke."

"Na chakula cha juzi?"

"Ukila cha juzi nakupeleka kwa binti yako mwenyewe, kwa mgongo wangu. Kikilala nje, ni cha ndoo."

Fundi alikubali, kwa ubishi. Alitaka kumshinda. Wiki nzima alipika, akala, akatupia misumari kwenye kikombe. Wiki nzima Mama Mizani alikuja na mizani yake kama bwana afya, akapima ndoo na kuandika kwenye karatasi, na Fundi akajifanya hamwoni.

Siku ya saba walikaa kibandani. Mama Mizani alimwaga misumari mezani.

"Hesabu."

Fundi akahesabu. Ilikuwa tisa.

"Wiki ina milo kumi na minne, ya mchana na ya jioni. Wewe umekula tisa tu ya sufuria. Mitano mingine?"

"Chai na mkate. Siku moja sikula. Nilikuwa na buti za askari, zilinichelewesha."

"Haya. Sasa niambie umetumia kiasi gani wiki hii. Mchele, maharage, mafuta, vitunguu, mboga. Usisahau gesi. Sufuria yako ile inakunywa gesi kuliko lori."

Walijumlisha. Fundi alifanya hesabu kwa visigino, akinong'ona. Jumla ilikuwa visigino kumi na nane. Akajumlisha tena. Vilikuwa kumi na nane vile vile.

"Kumi na nane gawa kwa milo tisa," alisema Mama Mizani.

"Viwili," alisema Fundi polepole. "Kila mlo visigino viwili."

"Na sahani ya Kengele?"

"Kimoja na nusu."

Nje mtu alipita akiburuta kandambili, na Fundi, kwa mazoea, akajua kwamba ile ya kushoto imekatika.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "chakula cha kuletewa ni rahisi kuliko changu."

"Kuliko chako wewe, ndiyo. Si kuliko cha kila mtu. Sikiliza shemeji, maana watu wengi hukosea hapa. Watu hulinganisha bei ya sahani na bei ya mchele dukani. Hiyo siyo njia. Bei ya chakula ni ya kile kilichofika tumboni. Kilichokwenda ndooni umekilipia pia, na gesi yake umelipia. Unajua ndoo yako ilikuwa na nini? Kilo nne na robo. Wali na maharage. Kwenye jiko letu la hospitali ningefukuzwa kazi."

Fundi alitazama mikono yake. Kilo nne na robo. Mkewe aliokota punje za mchele sakafuni moja moja.

"Na bado hatujahesabu saa zako," aliendelea Mama Mizani. "Mchana unafunga kibanda kwa saa mbili. Wateja wanakwenda wapi?"

"Pale kona."

"Kwa mchana mmoja unapoteza visigino vingapi?"

"Viwili. Siku nyingine vitatu."

"Mwenyewe umesema."

Fundi alisimama. Uso wake ulikuwa umejikunja, na haikuwa kwa sababu ya fedha. "Kwa hiyo niache kupika? Niuze sufuria? Kengele anipigie kengele asubuhi na jioni, na jiko libaki limefungwa? Basi binti yangu ana haki. Jiko ni ukuta."

"Nani kasema uache?" Mama Mizani aliuliza kwa upole. Utani ulikuwa umemtoka. "Marehemu angenitokea ndotoni. Nimesema upime. Kwani wewe unapika kwa kipimo gani?"

"Kipimo chake. Kopo moja."

"Kopo lipi? Nionyeshe."

* * *

Waliingia jikoni. Fundi alishusha kopo kutoka juu ya kabati. Mama Mizani alilipokea, akaligeuza, akaliweka kwenye mizani pamoja na mchele.

"Hili ni kopo la watu sita," alisema. "Marehemu hakuwa anapika hivi miaka ile ya mwisho. Nilikula hapa mara nyingi. Mlikuwa wawili, na sikuwahi kuona chakula kikilala."

"Alisema kopo moja. Nilimsikia kwa masikio yangu mpaka wiki aliyolazwa."

"Alisema. Lakini ulimwona akipima?"

Hakuwahi kumwona. Hata siku moja. Alisikia tu dirishani, akaendelea kushona.

Fundi aliurudisha mchele guniani, akabaki na kopo tupu. Aliingiza mkono ndani kufuta vumbi. Macho yake yalikuwa yamechoka kidogo, lakini vidole vyake vilijua kusoma ngozi gizani. Vidole hivyo vikasimama. Ndani ya bati palikuwa na mkwaruzo. Ulizunguka kidogo, ukakatika, kana kwamba mtu alivuta mstari. Chini yake palikuwa na mwingine. Chini yake mwingine.

Alilipeleka kopo dirishani kwenye mwanga. Mistari ilikuwa minne, mmoja chini ya mwingine. Siku zote alidhani ni uchakavu tu.

"Shemeji," alisema, akimwelekezea kopo.

"Naona," alisema Mama Mizani.

Fundi alikumbuka, akamsimulia. Siku kifungua mimba alipoolewa na wageni kuondoka, mkewe alikuja kibandani na kusema, "Niazime msumari wako wa kutobolea ngozi." Yeye akanung'unika, "Utanivunjia ncha, Mama Watoto." Mke akachukua, akarudisha baada ya muda mfupi, na ncha ilikuwa butu. Miaka mitatu baadaye wa pili akahamia mbali kikazi. Mke akaja tena. "Niazime msumari." Halafu wa tatu. Halafu kitinda mimba. Mara nne Fundi alimwazima, mara nne akanung'unika, wala hakuuliza hata mara moja unakwenda kufanya nini.

Kila mtoto aliyeondoka, mama alichora mstari, akashusha mchele. Mstari wa chini kabisa ulikuwa wa wawili, yeye na mumewe. Na bado alisema kwa sauti, ili dirisha lisikie, "Kopo moja, basi." Labda hakutaka mumewe asikie nyumba ikipungua. Labda alijiambia mwenyewe.

Fundi alikaa kwenye kigoda, akalia. Hakulia hivyo hata siku ya mazishi, maana siku ile kulikuwa na watu wa kupokea. Mama Mizani alitazama mizani yake, naye akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mwaka mzima nimewapikia watu sita," alisema Fundi baadaye. "Nilidhani naendeleza mkono wake. Kumbe mkono wake ulikuwa huku chini."

"Basi uendeleze sasa," alisema Mama Mizani. "Lete msumari."

Walipima mchele wa mtu mmoja kwa mizani, wakaumimina koponi. Ulifika chini ya mistari yote. Fundi alitoa msumari wake wa kutobolea ngozi, ule ule wenye ncha butu, akachora mstari wa tano. Bati lililia kidogo. Mstari ulipinda, lakini ulionekana.

* * *

Wiki zilizobaki zilikuwa za kujifunza. Mama Mizani alimfundisha alichokijua, na Fundi alijifunza kama mwanagenzi, kwa kuharibu kwanza. Wali wa kwanza uliungua. Wa pili ulikuwa uji. Wa tatu uliliwa.

Alinunua sufuria ndogo. Ilichemka upesi na gesi ikadumu. Maharage alikuwa akiyaloweka tangu jioni ili yaive haraka. Mboga alinunua fungu moja badala ya matatu. Kikibaki chakula kidogo cha jioni, hakukiacha jikoni. Mama Mizani alikuwa na jokofu, akampa nafasi ya bakuli moja. Chakula kiliwekwa humo mara kilipopoa, na kesho yake kilichemshwa mpaka kitokote, mara moja tu, kikaliwa chote.

Na mchana? Siku za kazi, kengele ilipolia njiani, Fundi aliinua kichwa.

"Bosi," aliita Kengele, "leo kuna viazi, nyama na kabichi."

"Lete, na usinicheke."

Lakini hakununua kwa macho yaliyofumbwa. Kwanza Mama Mizani alimpeleka nyumba ile ya tatu akaone jiko. Waliona maji ya kunawa na sabuni, vyombo vimefunikwa, mpishi amefunga nywele. Bakuli lilimfikia likiwa la moto, naye alikula hapo hapo, hakuliweka mpaka jioni. Soda alizikataa, akanywa maji yake aliyochemsha. Kisha akazungumza na mafundi seremala na mshona nguo wa jirani, wakaagiza pamoja. Kengele alileta mabakuli yote kwa safari moja, na mpishi akawapunguzia bei. Fundi hakufunga kibanda mchana. Kijana wa kona alianza kushangaa wateja wamekwenda wapi.

"Kwa hiyo, shemeji," Fundi aliuliza siku moja, "jibu ni lipi? Kuletewa au kupika?"

"Wewe unasemaje?"

Fundi alifikiri, uzi ukiwa mdomoni. "Jioni, sufuria ndogo na mstari wa chini, mlo haufiki hata kisigino kimoja. Hakuna cha kuletewa kinachoshinda hapo. Mchana, nikifunga kibanda kupika, nakula visigino vyangu mwenyewe. Bora kuletewa."

"Na kwa watu sita?"

"Sahani sita ni visigino tisa kwa mlo mmoja! Hao wapike."

Mama Mizani akapiga meza. "Ungekuwa kijana ningekuachia stoo yangu."

* * *

Jumapili ya mwisho wa mwezi gari la mizigo lilisimama mlangoni. Binti aliliendesha mwenyewe. Alikuwa amevaa nguo za kazi na amefunga kitambaa kichwani, tayari kubeba.

Fundi alimpokea mlangoni. Binti alimtazama usoni, kisha akatazama mkanda. Ulikuwa umerudi tundu moja.

"Baba umenenepa?"

"Kidogo. Ingia kwanza. Kabla ya kubeba, mtu hula."

Binti aliingia jikoni na kunusa. Palinuka vitunguu na sabuni. Alifunua pipa la taka, akakuta maganda tu. Baba yake akashusha kopo, akalichovya kwenye mchele, akapima mpaka mahali fulani na kusawazisha kwa kidole.

"Mbona hujajaza?"

"Leo tuko wawili. Mama yako alichora mstari wa wawili. Tazama."

Binti aligeuza kopo kwenye mwanga, na baba akamsimulia. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wake yeye, kifungua mimba, wa siku ile alipoolewa. Aliupitishia kidole, akarudia.

"Siku ile nilidhani amefurahi tu," alisema. "Alicheza kuliko wote."

"Alifurahi. Kisha akaja kuazima msumari kwangu."

Binti alihesabu mistari. "Watoto ni wanne. Hii ni mitano. Huu wa chini, uliopinda, ni mkono wa nani?"

"Wangu," alisema Fundi.

Walikula mkekani, kwa mabakuli mawili. Binti alikula mpaka akapangusa bakuli. Kisha alikaa muda mrefu akitazama dirisha dogo la kibanda.

"Nimekuja na gari, Baba," alisema. "Limechoma mafuta bure."

"Halirudi bure." Fundi alisimama, akaibeba sufuria kubwa yenye masikio mawili kutoka pembeni. Alikuwa ameisugua mpaka chini, weusi wa miaka yote umetoka. "Ninyi mko sita. Hii ni yenu. Mimi inanipotezea chakula, ninyi itawaokolea."

"Na kopo?"

"Kopo halitoki hapa. Ila mkija wote, wewe na wadogo zako, tutalijaza mpaka mdomoni, na sufuria mje nayo."

Binti alimkumbatia baba yake kwa nguvu. Akapakia sufuria nyuma ya gari, peke yake, mahali palipotengwa kwa kitanda. Gari lilipoondoka sufuria ilicheza na kifuniko kikalia, ile sauti ya zamani, mpaka ikapotea kwenye kona. Fundi alisimama akiisikiliza. Ilimuuma, lakini aliiacha iende kwa watu walio wengi.

Jioni aliingia jikoni. Alichovya kopo kwenye mchele, akapima mpaka mstari ule uliopinda. Kisha alisema kwa sauti, kuelekea dirishani:

"Kopo moja, basi."